Ndege Iliyochutama

Mke wangu alizijua ndege kwa sauti kabla hajawahi kuingia ndani ya hata moja. Tulikuwa tunakaa Kariakoo, ghorofa ya tatu, mtaa wa nyuma ya soko, na ndege zilizotoka uwanjani zilipita juu yetu zikiwa bado chini chini, zinaunguruma mpaka vikombe vinagongana kabatini. Mimi nilikuwa nanyamaza, nangoja zipite ndipo niendelee na maneno yangu. Yeye alikuwa ananyanyua kidole.

"Injini mbili," anasema. "Huyu ana mzigo mzito."

Halafu anarudi kwenye mchele anaouchagua, kama vile amesema tu kwamba jirani amerudi kazini.

Ujuzi huo aliutoa kazini. Kabla sijamuoa alikuwa mtu wa redio kwenye kiwanja kidogo cha ndege kule kusini, mkoa wa Lindi. Kiwanja chenyewe kilikuwa cha udongo, kina kibanda kimoja, mlingoti wa kuonyeshea upepo, na mbuzi wa kijijini ambao kuwafukuza nako ilikuwa sehemu ya kazi yake. Rubani anaita kwenye redio, yeye anamjibu: upepo unatoka huku, njia imekauka, kuna mvua upande wa bahari. Siku za mawingu mazito alikuwa anatoka nje ya kibanda, anasikiliza mngurumo, anarudi ndani mbio kumwambia rubani, umeshanipita, geuka. Marubani wengi walimjua kwa sauti tu. Yeye naye aliwajua hivyo hivyo.

Tulipooana alihamia Dar, akakaa ofisini miaka michache, halafu ukaja ule wakati wa kupunguza wafanyakazi kila mahali, naye akapunguzwa. Akaja tukasaidiana dukani. Nilikuwa nauza vipuri vya cherehani: mikanda, sindano, vibobini, miguu ya kushonea. Mwanamke aliyekuwa anaziambia ndege za watu zitue, sasa anampimia fundi wa Ilala mkanda wa cherehani. Sikumsikia akilalamika. Alivijua vipuri vyote ndani ya mwezi, akavipanga upya rafuni kwa namna ambayo mpaka leo naifuata.

Kompyuta tuliinunua kwa ajili ya duka, ila tuliiweka nyumbani. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, vitu vimefunguliwa, makontena yanaingia na kila kitu ambacho zamani ulikisikia tu kwa mtu aliyetoka safari. Karibu na Posta kulikuwa na bwana mmoja wa Kihindi, mtu wa makamo kama mimi, mzaliwa wa hapa hapa, anakaa Upanga. Alikuwa anauza kompyuta zilizokwisha kutumika huko nje. Alitufungia ya kwetu mwenyewe, akatuwekea programu ya kuhesabia mali ya duka, na kabla hajaondoka akasema:

"Kaka, nimewawekea na ndege humo. Mchezo tu. Ukichoka na hesabu, unaruka kidogo."

Mimi nilijaribu mara moja. Niliitoa ndege uwanjani, ikapanda kama mshale, ikalala ubavu, ikaanguka baharini. Nikacheka, nikaenda kunawa nipate kula. Niliporudi mke wangu alikuwa amekaa kwenye kiti, kitambaa cha jikoni bado kiko begani, hachezi chochote. Anasikiliza. Ndege imesimama uwanjani, injini inawaka.

"Wameipatia," alisema. "Inapokuwa baridi ndivyo inavyokohoa."

Tangu siku hiyo kompyuta ikawa na wenyewe wawili. Asubuhi hesabu za duka. Alasiri, yeye akitangulia kurudi nyumbani, ndege. Alijifunza kwa mpangilio, kama mtu anayejifunza kusoma. Kwanza kuitembeza ardhini tu, bila kupaa. Halafu kupaa na kurudi pale pale. Umeme ulikuwa wa mgao, na mara nyingi ulikatika akiwa hewani. Kioo kinazima, yeye amebaki na mikono imeshika kijiti cha kuendeshea.

"Tumeanguka?" namuuliza.

"Hatujaanguka. Tumekatiwa."

Na umeme ukirudi anaanza upya tangu kuwasha injini, hata kama jioni imeshaingia na zimebaki dakika chache tu za kuchezea.

Programu ile ilikuja na ndege chache. Zote alizimaliza. Nasema alizimaliza kwa maana ya fundi: alijua kila moja inapenda nini na inakataa nini. Siku moja yule bwana wa kompyuta alipopita dukani kutusalimia, mke wangu akamuuliza kama kuna nyingine.

Uso wa yule bwana ulifunguka. Kumbe naye ni mgonjwa wa ugonjwa huo huo. Akatueleza kwamba huko nje kuna watu wanatengeneza ndege za ziada, zinauzwa zenyewe kwenye CD, unaziongeza kwenye programu uliyonayo. Yeye ana tatu nyumbani, moja ni jeti kubwa, ndugu yake kamletea. "Njooni Jumapili mzijaribu," alisema. "Utakayoipenda, dada, nakuwekea. Lakini moja tu. Kompyuta yenu imejaa, haitabeba mbili."

Nilimwambia mke wangu tunaweza kufuta baadhi ya mambo ya duka tupate nafasi. Alinitazama kama nimesema tuuze mlango wa nyumba.

"Moja inatosha," alisema. "Ila niichague vizuri."

Wiki nzima nyumbani kwetu haikuzungumzwa habari nyingine. Mimi nilikuwa upande wa jeti kubwa. Nilimwambia, ukishaweza kwenda popote, kwa nini uende karibu? Muuza kahawa wa chini ya ghorofa yetu, ambaye alikuwa anausikia mngurumo kila alasiri na alishamwita mke wangu Mama Rubani, naye alikuwa upande wa jeti kubwa. Hata mafundi cherehani waliokuja dukani walipiga kura. Yeye alituacha tuseme.

Jumapili tukaenda Upanga. Lilikuwa jengo la ghorofa la zamani, ngazi pana, harufu ya udi na ya vitunguu vinavyokaangwa. Tulivua viatu mlangoni. Mama yake yule bwana alikuwa amekaa kwenye kiti cha bembea karibu na dirisha, sari nyeupe, miwani mizito.

"Shikamoo mama," tulimwamkia.

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Nani kati yenu ndiye rubani?"

Nilimnyooshea kidole mke wangu. Yule mama akamtazama kutoka juu mpaka chini, akaridhika, akamwambia akae karibu na feni. Tukaletewa chai ya tangawizi na chevda, mchanganyiko wa dengu na karanga za kukaanga, kwenye sahani ya bati inayong'aa.

Kompyuta ya pale ilikuwa kubwa na yenye kasi kuliko yetu. Yule bwana akaanza na jeti, maana alijua wageni wote wanaitaka. Kwa kweli ilikuwa nzuri. Chumba cha rubani kilijaa saa na taa, na mke wangu aliketi mbele yake kama mtu aliyepelekwa ukumbini. Aliipaisha bila shida. Ilipofika juu, yule bwana akabonyeza kitufe kimoja, ndege ikawa inajiendesha yenyewe, inageuka yenyewe, inashika njia yenyewe. Mimi nilipiga makofi. Mke wangu alikunja mikono kifuani, akangoja. Baadaye aliitua, taratibu kabisa, akasema asante.

"Haikukupendeza?" yule bwana alimuuliza.

"Ni nzuri sana. Lakini haina haja na mimi."

Ya pili yule bwana aliifungua kwa namna ya mtu anayetoa zawadi. Ilikuwa ndege ndogo ya injini moja, mabawa juu, miguu mirefu, aina ile ile iliyokuwa ikitua kwenye kiwanja cha mke wangu kule kusini. Yule bwana alikuwa amekumbuka maongezi yao ya dukani. Niliona macho ya mke wangu yamelowa, nikajua shauri limekwisha, nikaanza hata kumsogelea yule bwana nimshukuru.

Aliirusha kutoka Dar akaipeleka kusini, anafuata pwani. Kiwanja chake hakikuwamo kwenye programu. Waliotengeneza ramani ile walikuwa wameweka viwanja vikubwa, hiki cha mbuzi hawakukisikia. Lakini mdomo wa mto ulikuwepo, na pembe ya nchi kavu ilikuwepo, na kwa alama hizo alipapata mahali penyewe. Palikuwa rangi ya kijani tupu. Akatua pale pale kwenye kijani, taratibu taratibu, ikasimama. Yule mama wa Kihindi aliuliza kutoka kwenye kiti chake cha bembea:

"Huko ni wapi? Mbona hakuna watu?"

"Watu wapo, mama," alijibu mke wangu. "Hawakuchorwa tu."

Alikaa pale kidogo. Halafu akafuta macho kwa ncha ya mtandio, akamgeukia yule bwana. "Hii nakushukuru kunionyesha, kwa dhati ya moyo wangu. Nitakuja kuiomba tena siku moja. Lakini hii naijua. Nimeisikiliza ujana wangu wote. Ya tatu ni ipi?"

Yule bwana alisita. "Ya tatu itakutesa, dada. Mimi mwenyewe siiwezi."

Akaifungua. Ilikuwa ndege ya zamani ya mizigo, injini mbili za pangaboi, rangi ya bati. Magurudumu mawili mbele na kigurudumu kidogo mkiani, kwa hiyo ikiwa chini imekaa pua juu mkia chini, kama mtu aliyechutama anapumzika. Ukiwa ndani, mbele huoni njia, unaona mbingu tu. Mke wangu alicheka kwa sauti.

"Angalia ilivyokaa!" alisema.

Aliongeza moto. Ndege ikaanza kwenda, ikapinda kushoto, akaivuta kulia, ikapinda zaidi, ikazunguka kama pia, ikaishia majanini imeelekea ilikotoka. Alijaribu tena. Majanini. Mara ya tatu ilinyanyuka, ikapaa huku inayumba, na akashindwa kabisa kuitua; iligonga chini, ikaruka, ikagonga, ikalala ubavu. Yule bwana alitikisa kichwa kwa huruma. Mimi nikanong'ona, basi chukua ile ndogo.

"Hii hapa," alisema mke wangu. "Niwekee hii."

"Kwa nini?" tuliuliza wote wawili kwa pamoja.

Alifikiri. Nilitegemea maelezo makubwa. Alisema tu, "Naipenda ilivyokaa." Mpaka leo sijapata jibu lingine, na nimeacha kulitafuta.

Wiki zilizofuata ndizo zilizonifanya nimtazame mke wangu kwa macho mapya, ingawa tulikwishakuwa na watoto wawili. Nilikuwa nadhani atachoka. Kila alasiri ndege ile ilikuwa inaenda majanini, na kila alasiri alikuwa anairudisha mwanzo wa njia bila kugombeza wala kupumua kwa nguvu. Ndani ya CD mlikuwa na maelezo ya Kiingereza, kurasa nyingi, na Kiingereza chake kilikuwa cha redio, kifupi kifupi. Aliyasoma na kamusi ya watoto pembeni. Akagundua kwamba ndege za namna ile zinaongozwa kwa miguu zikiwa chini, na sisi hatukuwa na pedali. Tulikuwa na vitufe viwili tu vya kibodi.

Siku moja nilirudi nikamkuta ameweka kandambili zake mbili sakafuni chini ya meza, kaziegemeza kwenye tofali. Anakanyaga ya kushoto, na wakati huo huo kidole kinabonyeza kitufe cha kushoto. Anakanyaga ya kulia, kidole kinafuata.

"Unafanya nini?" niliuliza.

"Vidole havijui kuendesha hii," alisema bila kugeuka. "Miguu inajua. Navifundisha vidole viifuate miguu."

Nilikaa kwenye kochi nikamtazama. Kanyaga, bonyeza. Kanyaga kidogo, bonyeza kidogo. Ndege ilianza kutetereka, akaituliza kabla haijaamua kupinda. Ilitaka kwenda kulia, mguu wake ukawa umeshafika. Mkia ukanyanyuka, njia ikaonekana mbele nzima, imenyooka. Akapaa. Aliponyanyua mguu kwenye ile kandambili nilisimama nikapiga kelele kama nipo uwanja wa mpira, mpaka muuza kahawa akaita kutoka chini, "Vipi huko?"

"Imeruka!" nilimjibu dirishani.

"Poa sana!"

Kutua kulichukua muda mrefu zaidi, lakini kulikuja. Na alipoiweza kabisa aliniambia tuwaalike wale wa Upanga, kwa sababu haifai kula kwa watu bila kuwalisha. Wao hawali nyama, kwa hiyo alipika maharage ya nazi, mchicha, na maandazi ya iliki. Yule mama alipanda ngazi zetu pole pole, mkono mmoja umeshika ukuta, mwingine umeshika bega la mwanawe. Tulimkalisha kwenye kochi, mto mgongoni.

"Haya mama," mke wangu alimwambia baada ya chakula. "Leo wewe ndiye abiria wangu. Nikupeleke wapi?"

Mwanawe akadakia. "Atasema Gujarat, na ndege hii haifiki."

"Nani kakuambia?" alisema yule mama. "Gujarat nimekwenda mara moja tu, nikaugua tumbo. Mwanangu, nipeleke Tanga. Nimezaliwa Tanga."

Tukaenda Tanga. Mke wangu aliwasha injini moja baada ya nyingine, akaiacha ndege ipate joto kwanza kama alivyokuwa akifanya siku zote, ingawa ni programu tu na isingeharibika. Akapaa kuelekea mjini. Kariakoo yetu ilipita chini ikiwa miraba ya kijivu. Akageuza kaskazini, bahari ikawa mkono wa kulia, Unguja inaonekana kwa mbali. Alikuwa anamsimulia yule mama njia nzima: hapa Bagamoyo, sasa tunapita Saadani, mbele utaona mto Pangani unaingia baharini. Yule mama naye alikuwa anajibu kwa habari zake, mtaa waliokaa, duka la vitambaa la baba yake, treni ya mkonge iliyopita nyuma ya nyumba. Kidogo kidogo maneno yakapungua. Sauti ya zile injini mbili ni ya kubembeleza. Nilipogeuka, yule mama alikuwa amelala, miwani imeshuka puani, kinywa wazi kidogo.

Mwanawe alitaka kumwamsha. Mke wangu akatikisa kichwa.

Palikuwa na upepo wa ubavuni Tanga siku ile. Programu ilikuwa inajitungia hali ya hewa yenyewe. Ndege ilikuja imekaa upande upande, pua imeelekea pengine, na mimi niliyekuwa nimeshaona zaidi ya mara mia jinsi inavyoishia majanini niliuma kidole. Yeye alikuwa ametulia. Miguu ilikuwa kwenye kandambili. Dakika ya mwisho kabisa akainyoosha, gurudumu moja likagusa, la pili likagusa, akaushikilia mkia juu, juu, mpaka ukachoka wenyewe ukashuka. Haikuruka hata mara moja. Yule bwana wa kompyuta, ambaye ndege ile ilikuwa imemshinda, alijishika kichwa kwa mikono miwili na kutabasamu bila kutoa sauti.

Aliipeleka mpaka mbele ya jengo la uwanja, akaiegesha. Nilinyoosha mkono nizime, maana nilijua hapo ndipo safari inapoishia.

"Usizime," alininong'oneza. "Kukiwa kimya ataamka."

Basi tukakaa. Ndege ilikuwa imechutama pale Tanga, injini zote mbili zinazunguka taratibu, na sisi watatu tunakunywa chai bila kugonganisha vijiko. Ilipita nusu saa nzima, na umeme, kwa mapenzi ya Mungu, haukukatika. Mke wangu hakuacha kijiti. Kila mara mngurumo ulipoonekana kubadilika kidogo alikuwa anaurekebisha, kwa vidole viwili, kama mtu anayepunguza moto wa jiko chini ya maziwa.

Yule mama aliamka mwenyewe. Akapandisha miwani, akatazama kioo, akaona jengo na njia imenyooka.

"Tumefika?" aliuliza.

"Sasa hivi tu, mama," alisema mke wangu, akazima injini ya kushoto, halafu ya kulia.